Kuchagua Flashi ya Kubebeka kwa Picha za Michezo ya Kasi

Boksi la flashi ya studio inayotumia betri kwa kawaida hubeba namba mbili zilizochapwa kwa herufi kubwa. Ya kwanza ni nguvu: wati-sekunde 200, 400 au 600. Ya pili ni kasi ya mmweko: 1/10,000 ya sekunde, na wakati mwingine 1/20,000. Mnunuzi anayetaka kupiga picha za wanariadha, wachezaji wa mpira wa kikapu katika viwanja vya wazi au vijana wa baiskeli za michezo huzisoma namba hizo kwa pamoja, akaamini kwamba taa hiyo itampa nguvu ile na kasi ile kwa wakati mmoja. Haitampa. Namba zote mbili zaweza kuwa za kweli na bado mnunuzi akapotoka, kwa sababu kila moja imepimwa taa ikiwa katika hali tofauti.

Sehemu hii ya kijitabu inaeleza tofauti hiyo na namna ya kuipima kabla ya kulipa. Tumeiandika kwa ajili ya mpigapicha anayejitegemea, ambaye mara nyingi hununua kifaa hiki kwa akiba ya muda mrefu au kwa mkopo wa kikundi, tena baada ya kupata kazi yake ya kwanza yenye malipo ya maana: klabu inataka mabango, shule inataka picha za timu yake, kampuni inataka tangazo. Akinunua taa isiyofaa, fedha ya kununua nyingine hana, na kazi ina tarehe yake. Kwa desturi ya kijitabu hiki hatutaji chapa yoyote. Tunataja sifa, na sifa ndizo mlaji anazopaswa kuzidai dukani.

Je, unaihitaji?

Tuanze na swali ambalo muuzaji hana sababu ya kuliuliza. Picha ya mchezo unaofanyika juani inaweza kugandishwa bila flashi yoyote. Kanuni ya siku nyingi ya wapigapicha husema kwamba kitu kilicho kwenye jua kamili, kwa ISO 100, hupata mwanga wa kutosha kwa tundu la lenzi la f/16 na shata ya 1/100 ya sekunde. Ukihesabu kutoka hapo, ISO 400 na tundu la f/5.6 hukuruhusu kutumia shata ya 1/3200. Ferdinand Omanyala alipokimbia mita 100 kwa sekunde 9.77 jijini Nairobi mwezi Septemba 2021, mwendo wake wa wastani ulikuwa kidogo zaidi ya mita 10 kwa sekunde. Katika 1/3200 ya sekunde, kiwiliwili cha mtu mwenye mwendo huo husogea takriban milimita 3. Kwa bango la ukutani huo ni ugandishaji wa kutosha, na haukuhitaji senti moja ya ziada.

Aidha, flashi haifiki mbali. Uwezo wake hupimwa kwa namba elekezi, ambayo ukiigawa kwa umbali wa mita unapata tundu la lenzi linalostahili kwa ISO 100. Taa yenye namba elekezi 60 hutoa f/20 kwa umbali wa mita 3, f/10 kwa mita 6, na f/2 tu kwa mita 30. Anayesimama pembeni mwa uwanja wa mpira wa miguu akitarajia kumulika mshambuliaji aliye ndani ya boksi la penalti atakuwa anamaliza betri bure. Zaidi ya hayo, waamuzi na waandaaji wa mashindano mengi hawaruhusu stendi karibu na wachezaji wala mimweko inayoweza kuwababaisha, na wana haki ya kukataa.

Flashi ya kubebeka ina nafasi yake pale ambapo mpigapicha ndiye anayepanga tukio: mazoezi, picha za matangazo, picha za mchezaji mmoja mmoja. Inahitajika mchana wa saa saba, jua linapokuwa utosini na macho ya mchezaji yakapotea kivulini chini ya paji la uso au chini ya kofia. Jambo hili huonekana zaidi kwenye ngozi nyeusi, ambapo tofauti kati ya paji linalong'aa na kivuli cha macho huwa kubwa mno kwa kamera. Inahitajika jua likiwa nyuma ya mchezaji. Inahitajika jioni na chini ya mawingu mazito. Na inahitajika mteja anapotaka anga iwe na giza la kuvutia huku mchezaji akiwa amewaka. Kama kazi zako haziangukii katika hali hizi, fedha hiyo itafanya kazi zaidi ikiwekwa kwenye lenzi.

Mmweko hudumu kwa muda gani

Mmweko wa flashi hauwaki na kuzimika kama swichi ya ukutani. Ufikirie kama mlio wa kengele: sauti hupanda ghafla inapogongwa, kisha hufifia polepole, na mkia wake huendelea kusikika baada ya kishindo kupita. Mwanga wa flashi hupanda hivyo hivyo, hufika kileleni, kisha huacha mkia. Swali la muda wa mmweko ni swali la wapi tunaanza na wapi tunaacha kuhesabu.

Kuna vipimo viwili, na vyote ni halali. Cha kwanza huandikwa t0.5, nacho huhesabu muda ambao mwanga uko juu ya nusu ya kilele chake. Cha pili huandikwa t0.1, nacho huhesabu muda ambao mwanga uko juu ya sehemu moja ya kumi ya kilele. Kipimo cha kwanza huacha sehemu kubwa ya mkia nje ya hesabu. Cha pili huujumuisha karibu wote. Kwa taa inayotumia nguvu yake yote, t0.1 huwa karibu mara tatu ya t0.5. Hivyo taa iliyoandikwa 1/1000 kwa t0.5 ina mmweko wa takriban 1/330 kwa t0.1. Ni taa ile ile, mmweko ule ule, na karatasi mbili zenye kusomeka tofauti.

Kwa anayetaka kugandisha mwendo, kipimo cha kutazama ni t0.1, kwa sababu mkia nao huandika picha. Mguu wa mwanariadha unaoendelea kusogea wakati mwanga unafifia huacha ukungu upande mmoja, mithili ya rangi iliyopakwa ikaburuzwa kabla ya kukauka. Muuzaji akitaja kasi ya mmweko, mwulize ni t0.1 au t0.5. Asipojua, aombwe kijitabu cha maelezo ya mtengenezaji. Kijitabu kisipotaja ni kipi, tunashauri mnunuzi achukulie kuwa ni t0.5, kwa kuwa ndicho kinachopendezesha bidhaa.

Jambo la pili ni zito zaidi. Flashi nyingi za kisasa za betri hupunguza nguvu kwa kuukata mmweko katikati, kwa kutumia swichi ya elektroniki iitwayo IGBT. Ukiweka taa kwenye nguvu kamili, mmweko huachwa uishe wenyewe, mkia na vyote. Ukiweka nusu, hukatwa mapema. Ukiweka 1/128 ya nguvu, hukatwa karibu mara tu unapoanza. Kwa hiyo ile 1/10,000 iliyochapwa kwenye boksi ni muda wa mmweko katika nguvu ndogo kuliko zote. Taa ya wati-sekunde 200 ikiwa kwenye 1/128 hutoa wati-sekunde 1.6 hivi, mwanga ambao nje, mchana, hautaonekana hata kidogo. Katika nguvu kamili, taa ile ile yaweza kuwa na mmweko wa 1/220 ya sekunde kwa t0.1, yaani mrefu sawa na shata ya kawaida.

Ushindani huu kati ya nguvu na ufupi ni wa siku nyingi. Harold Edgerton wa Massachusetts Institute of Technology, nchini Marekani, ndiye aliyeifanya flashi ya elektroniki ijulikane kuanzia miaka ya 1930, na picha yake ya mwaka 1964 ya risasi ikipita kwenye tufaha bado inachapishwa hadi leo. Picha za namna hiyo hupigwa gizani na kwa umbali mdogo, ambako mwanga mchache unatosha. Mpigapicha wa michezo hana giza hilo.

Ipo pia aina nyingine ya taa, hasa za muundo wa zamani, ambazo hupunguza nguvu kwa kupunguza voltage ya kapasita. Hizo hazifupishi mmweko nguvu inaposhuka, nyingine huurefusha. Anayenunua taa iliyotumika na awe makini hapa, kwa maana taa hizo ni imara, bei yake huwa nafuu, na kwa picha za harusi zinafaa sana. Kwa mtu anayeruka, hazifai.

Jua ni taa ya pili

Hata flashi yenye mmweko mfupi mno haigandishi picha ikiwa mwanga wa jua nao unaandika kwenye sensa. Picha ya nje yenye flashi ni picha mbili zilizolaliana: moja imeandikwa na mmweko, nyingine imeandikwa na jua katika muda wote ambao shata iko wazi. Kamera nyingi zenye shata ya pazia haziwezi kutumia flashi ya kawaida kwa kasi inayozidi 1/200 au 1/250, kwa sababu juu ya hapo pazia halifunguki lote kwa wakati mmoja. Katika 1/250 ya sekunde, mkimbiaji wa mita 10 kwa sekunde husogea sentimita 4. Mguu unaorushwa mbele husogea zaidi. Jua likiwa na nguvu sawa na flashi, mchezaji ataonekana mkali, naye amezungukwa na kivuli chake chenye ukungu wa sentimita kadhaa. Wapigapicha huuita ukungu huo mzimu, na jina hilo linafaa.

Ili mzimu upotee, mwanga wa jua unapaswa kuwa chini ya mwanga wa flashi kwa hatua mbili angalau, yaani robo yake. Hatua tatu ni salama zaidi. Hebu tuhesabu kwa mchana wa Dar es Salaam. Kwa ISO 100 na shata ya 1/250, jua linahitaji tundu la f/10. Kulipunguza kwa hatua mbili kunahitaji f/20. Taa yetu ya namba elekezi 60 inatoa f/20 kwa umbali wa mita 3, lakini kwa nguvu kamili tu. Na kwa nguvu kamili mmweko wake ni wa 1/220. Mpigapicha ametumia uwezo wote wa taa, amemsogelea mchezaji hadi mita 3, na flashi haijamgandishia chochote ambacho shata peke yake isingekigandisha. Tena hapo hatujaweka softiboksi, ambalo kwa vitambaa vyake viwili hula hatua moja au zaidi ya mwanga.

Sasa tuchukue mchezaji yule yule, taa ile ile na umbali ule ule, jua likiwa linatua. Mwanga wa jioni ukishuka kiasi kwamba f/7 inatosha kulifanya anga liwe chini ya flashi, nguvu inayohitajika inakuwa takriban sehemu moja ya nane. Katika 1/8 ya nguvu, taa ya IGBT hukata mkia wake wote mrefu, na mmweko hufupika mara kadhaa. Tuseme jedwali la mtengenezaji linaonyesha 1/2000: ule mwendo wa sentimita 4 umekuwa wa milimita 5. Hakuna kilichonunuliwa. Tatizo ni kwamba katika nchi zetu zilizo karibu na ikweta machweo ni mafupi, na mwanga huo mzuri hudumu dakika ishirini hivi. Vifaa viwe vimefungwa na kupimwa kabla ya saa kumi na mbili jioni, vinginevyo muda utaishia kwenye kufungua stendi.

Anayelazimika kufanya kazi mchana ana njia tatu za kweli. Ya kwanza ni kumpeleka mchezaji kivulini, nyuma ya jukwaa au chini ya mti mkubwa, mahali ambapo mwanga wa jua umeshapunguzwa bure. Ya pili ni kutumia taa mbili kwa nusu ya nguvu badala ya moja kwa nguvu kamili: mwanga ni ule ule, mmweko ni mfupi zaidi, na taa hupoa haraka. Kwa maoni yetu, mnunuzi mwenye fedha ya taa moja ya 600 angefaa afikirie sana taa mbili au tatu za 200. Njia ya tatu ni kununua taa kubwa na kuitumia kwa robo ya uwezo wake, njia ambayo ni ghali na nzito, ila ni rahisi kuisimamia.

Kuhusu herufi HSS

Flashi nyingi hutangazwa kwa herufi HSS, na wauzaji huzieleza kama dawa ya kila kitu: ukiwa na HSS, husemwa, unaweza kupiga kwa 1/8000 ya sekunde na kugandisha lolote. Kauli hiyo ina nusu ya ukweli. Katika hali ya HSS, taa haitoi mmweko mmoja mfupi. Hutoa mfululizo wa mimweko midogo ya haraka wakati wote ambao mwanya wa pazia unapita mbele ya sensa. Kwa picha, huo ni sawa na mwanga usiokatika. Kinachogandisha mwendo hapo ni shata. Taa inamulika tu.

Je, ni vibaya? Hapana, mradi mnunuzi ajue anachokilipia. Shata ya 1/2000 pamoja na HSS humgandisha mkimbiaji kwa milimita 5, na mzimu hautokei kwa kuwa jua na flashi vimepimwa kwa shata ile ile. Gharama yake ni nguvu. Taa inapoingia katika HSS hupoteza hatua mbili au zaidi za mwanga, na kila unapoongeza kasi ya shata mara mbili, mwanga wa flashi hupungua kwa nusu pamoja na ule wa jua. Hivyo HSS haikupi ushindi dhidi ya jua kwa kuongeza kasi tu. Taa inayotosha mita 3 katika hali ya kawaida itakulazimisha usogee karibu zaidi, ukaingia kwenye fremu yako mwenyewe.

Kamera zenye shata iliyo ndani ya lenzi huepuka tatizo hili kwa sehemu, kwa kuwa huweza kutumia mmweko wa kawaida kwa kasi kubwa zaidi, nyingine hadi 1/2000. Mwezi Novemba 2023 ilitangazwa kamera ya sensa ya fremu kamili inayosoma sensa yote kwa mkupuo mmoja, ambayo haina kikomo hicho cha pazia. Tunaitaja kwa sababu mafunzo mengi ya video sasa hupigwa kwa kamera za namna hiyo, na mtazamaji akadhani matokeo yale yametoka kwenye taa. Hata hapo, shata ikiwa fupi kuliko mmweko, sehemu ya mwanga wa flashi hubaki nje.

Tahadhari moja ndogo kwa wenye kamera zisizo na kioo: nyingi kati yake haziruhusu flashi kabisa zikiwa kwenye shata ya elektroniki ya kimya. Kabla ya kuirudisha taa dukani kwa madai kwamba haiwaki, angalia mpangilio huo.

Kuijaribu dukani

Jedwali la mtengenezaji ni mwanzo. Jaribio ni bora zaidi, nalo halihitaji chombo cha maabara. Linahitaji pangaboi, mkanda mweupe na kamera yako mwenyewe.

Pangaboi likiwa limezimwa na limesimama kabisa, bandika kipande cha mkanda chenye upana wa sentimita moja kwenye ncha ya bawa moja. Fifisha mwanga wa chumba, kisha piga picha moja bila flashi kwa shata ya 1/200. Picha hiyo inapaswa kuwa nyeusi, la sivyo mwanga wa chumba utaharibu jaribio. Washa pangaboi kwa kasi ya juu. Piga picha kwa nguvu kamili ya flashi, kisha nusu, robo, na kuendelea kushuka, ukifungua tundu la lenzi kadiri mwanga unavyopungua. Pangaboi linalozunguka mara 300 kwa dakika, lenye bawa linalofika sentimita 70 kutoka katikati, husogeza ncha yake kwa karibu mita 22 kwa sekunde, ambao ni mwendo unaomzidi mkimbiaji yeyote. Kwa mmweko wa 1/250, mkanda wako utaburuzika karibu sentimita 9. Kwa 1/1000, sentimita 2 na kidogo. Kwa 1/4000, nusu sentimita, na kingo zake zitaanza kuonekana kali.

Si lazima ujue mizunguko kamili ya pangaboi la duka hilo. Kinachotakiwa ni kulinganisha taa mbili mbele ya pangaboi moja, na kuona ni kwenye nguvu ipi mkanda unakubalika machoni mwako. Nguvu hiyo ndiyo nguvu halisi ya taa hiyo kwa kazi yako. Taa ya 600 ambayo mkanda wake unatulia kwenye 1/8 ni taa ya 75 kwa mpigapicha wa michezo, na bei yake ipimwe hivyo.

Angalia na rangi. Taa nyingi za IGBT hutoa mwanga wenye samawati zaidi zinapokatwa mapema, na baadhi zina modi mbili: moja hulinda rangi, nyingine hulinda kasi. Huwezi kuwa na zote mbili kikamilifu. Klabu inayolipia bango itagundua jezi yake nyekundu imebadilika kabla haijagundua ukungu kwenye kiatu.

Kisha muda wa kujaza. Taa nyingi huhitaji sekunde moja hadi mbili kujijaza baada ya mmweko wa nguvu kamili, wakati kamera inaweza kupiga fremu kumi katika sekunde moja. Fremu ya kwanza itawaka. Zilizobaki zitakuwa giza. Piga mfululizo dukani kwa nguvu unayokusudia kuitumia, uhesabu ngapi zimewaka. Endelea hadi taa ianze kujizuia kwa sababu ya joto, kwani nyingi zina kinga hiyo, na fahamu kwamba juani itajizuia mapema zaidi kuliko ndani ya duka lenye kiyoyozi.

Betri, redio na hati

Betri za lithiamu hupimwa kwa wati-saa: zidisha voltage kwa uwezo wa amp-saa. Betri ya volti 14.4 na mAh 2900 ina wati-saa 42 hivi. Kwa taratibu za usafiri wa anga, betri isiyozidi wati-saa 100 huingia nayo abiria ndani ya ndege bila kibali maalumu. Kati ya 100 na 160 huhitaji idhini ya shirika la ndege. Na betri ya akiba haiwekwi kamwe kwenye mzigo unaopita chini. Anayetarajia kazi Mwanza au Zanzibar aizingatie hesabu hii kabla ya kuchagua taa kubwa. Betri isiyo na maandishi ya volti na uwezo iachwe dukani, hata ikiwa ni ya bei ya chini.

Triga ya redio nayo hutofautiana kulingana na aina ya kamera. Triga isiyo ya kamera yako inaweza kuiwasha taa na bado ikashindwa kuiamuru HSS wala kubadili nguvu. Leta kamera yako dukani. Usikubali kuambiwa kwamba zote zinaingiliana. Vifaa vinavyotumia masafa ya redio viko chini ya utaratibu wa uidhinishaji wa Mamlaka ya Mawasiliano Tanzania, na muuzaji anayeagiza kwa njia halali hapaswi kusita kulijibu swali hilo.

Kuhusu sheria, tunamwomba mnunuzi ashike jambo moja la kiutendaji. Sheria ya Mauzo ya Bidhaa, Sura ya 214, humlinda mnunuzi aliyemweleza muuzaji kazi anayoikusudia na kutegemea ujuzi wake katika kuchagua. Anayeingia dukani akataja jina la chapa na namba ya modeli tu, hujidhoofishia kinga hiyo. Kwa hiyo sema kazi yako: kwamba unataka kumgandisha mtu anayekimbia, nje, kwa umbali fulani, saa fulani. Isema kwa maandishi, hata kwa ujumbe wa simu, na uombe jibu kwa maandishi. Sheria ya Ushindani, Namba 8 ya mwaka 2003, nayo inakataza mwenendo wa kupotosha katika biashara. Muuzaji aliyeandika kwamba taa inatoa wati-sekunde 600 kwa 1/10,000 ya sekunde, kana kwamba mambo hayo hutokea pamoja, ametoa kauli inayoweza kuhojiwa. Bango la ukutani lisemalo bidhaa ikishauzwa hairudishwi halihalalishi kauli ya namna hiyo.

Dai risiti ya EFD inayotaja modeli na namba ya taa, na kadi ya dhamana iliyogongwa mhuri wa muuzaji wa hapa nchini, kwa sababu dhamana ya nchi nyingine huenda ikakutaka utume taa huko kwa gharama yako. Uliza pia kama balbu ya akiba inapatikana, na kwa muda gani; balbu huvunjika stendi inapoangushwa na upepo, na upepo wa ufukweni hauhitaji mwaliko. Anayeleta lalamiko kwetu aambatanishe risiti, picha ya boksi ikionyesha namba zilizochapwa, mawasiliano yake na muuzaji, na zile picha za pangaboi, kila moja ikiwa imeandikwa nguvu ya taa iliyotumika.